Kutoa pointi na kufunga moto wa kielektroniki kwenye Land Rover 109 ya petroli

Kila nikifungua boneti mbele ya watu wenye Land Rover, maswali huwa ni yale yale. Umetoa pointi? Hiyo moduli inadumu? Ikikufia porini unafanyaje? Na aliyenunua seti yake juzi tu kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, huwa na lake: "Fundi kaifunga, gari limewaka, lakini mlimani halina nguvu." Nimejibu kwa mdomo mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika yote mahali pamoja.

Ninaizungumzia Land Rover 109 ya pikapu, Series IIA au Series III, yenye injini ya petroli ya silinda nne, cc 2286. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na ukienda minadani Longido au Simanjiro bado utazikuta zimebeba watu na mbuzi pamoja. Nyingi zimeshawekewa injini ya dizeli. Kama yako ni mojawapo, mwongozo huu haukuhusu, maana dizeli haina distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi. Kama una 88 fupi yenye injini hii ya petroli, kila kitu ni kilekile.

Nadharia ni hii tu. Pointi ni swichi ndogo ndani ya distribyuta. Zikiachana, koili inatoa moto unaokwenda kwenye plagi. Kila zinapofanya kazi zinaungua kidogo usoni, na kile kisigino chake kinacholalia kamu (sehemu ya shafti yenye pembe) kinalika. Kisigino kikilika, nafasi ya pointi inapungua na moto unachelewa. Ndiyo maana gari uliloliseti vizuri mwezi wa kwanza linakuwa zito mwezi wa nne bila kuguswa na mtu. Seti ya kielektroniki inatumia sumaku na kihisi (hicho ndicho tunachokiita moduli) badala ya swichi inayogusana, kwa hiyo hakuna cha kuungua wala kulika.

Utapata gari linalowaka asubuhi kwa urahisi, silensa (mwendo wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) iliyotulia, na taimingi, yaani wakati wa moto kuruka, isiyohama. Nguvu mpya hutapata. Anayekuambia gari litapaa anakuuzia maneno. Linarudi tu kuwa lilivyotoka kiwandani, na kwa wengi wetu hiyo tayari ni tofauti kubwa.

Mambo ya kuangalia kabla hujatoa hela

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Wananunua seti kwanza, kisha ndio wanaanza kuliangalia gari.

Anza na betri. Angalia ni nguzo ipi imefungwa kwenye bodi, hasi au chanya: hiyo ndiyo ethi ya gari. Series III zote ni ethi ya hasi. Series I, Series II na IIA za mwanzo zilitoka kiwandani zikiwa na ethi ya chanya. Nyingi zimeshageuzwa na mafundi, lakini usikisie, tazama kwa macho yako. Seti za ethi ya hasi na za ethi ya chanya ni vitu viwili tofauti. Ukifunga ya hasi kwenye gari la chanya, moduli inakufa mara tu unapowasha swichi, na hakuna muuzaji atakayekurudishia pesa.

Kisha soma maandishi yaliyogongwa kwenye mwili wa distribyuta. Mara nyingi utakuta Lucas 25D au 45D. Seti ya moja haikai kwenye nyingine, na rota zao (kile kipande kinachozunguka juu ya shafti) pia haziingiliani. Kama maandishi yamefutika, dalili rahisi ni hii: 25D ina kigurudumu kidogo chenye meno ubavuni cha kuwahisha na kuchelewesha moto, pamoja na herufi A na R. 45D haina. Ukiwa na shaka, piga picha au ichukue distribyuta yenyewe mpaka dukani.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote: shafti ya distribyuta. Toa kifuniko na rota, shika ncha ya shafti kwa vidole viwili, kisha isukume kulia na kushoto. Kuzunguka kidogo ni sawa. Kuyumba pembeni si sawa. Kama inacheza kiasi cha kuonekana kwa macho, bushi zimekwisha, na seti ya kielektroniki haitaponya ugonjwa huo. Moto utaendelea kurukaruka, silinda moja ukiwahi na nyingine ukichelewa. Hapo una njia mbili: upeleke distribyuta kwa fundi wa mashine akuchongee bushi mpya, au ununue distribyuta nzima mpya ambayo moto wa kielektroniki umo ndani tayari. Mimi, bushi zikiwa zimekwisha, nanunua nzima. Zikiwa nzima, nanunua seti tu.

Mwisho, pima koili. Chomoa waya zake, weka multimita kwenye omu, gusa zile nguzo mbili ndogo. Koili ya kawaida ya gari hili inasoma karibu omu 3. Ukipata omu 1.5, mtu ameweka koili iliyotengenezwa kufanya kazi na kizuizi cha nje, na huenda kizuizi chenyewe hakipo. Koili ya namna hiyo inachemka hadi haishikiki mkononi, na inaua moduli za bei rahisi. Nunua ya omu 3.

Vitu utakavyohitaji

Seti inayolingana na distribyuta yako na ethi yako. Kifuniko kipya cha distribyuta na rota mpya. Waya mpya za plagi za aina ya kaboni, si za shaba tupu. Plagi nne, BP6ES ya NGK inatumika sana kwenye injini hizi, na BPR6ES ni ileile ila ina kizuizi ndani. Fila geji (vibati vya kupimia nafasi nyembamba), multimita, bisibisi bapa ndogo na kubwa, na spana za inchi, maana hili si Toyota, na spana ya milimita itakuharibia kichwa cha bolti. Sandipepa laini, kitambaa, tone la oili ya injini, chaki au rangi nyeupe ya kucha.

Na taa ya taimingi, ile inayomweka kila plagi namba moja inapopata moto. Kama huna, azima. Kama hakuna wa kukuazima, nitakuonyesha njia ya masikio, lakini ni njia ya dharura.

Kuhusu rota, neno moja. Zipo rota za bei rahisi ambazo lile bati la juu limeshikiliwa na ribiti inayopita katikati ya plastiki. Ribiti ikiwa ndefu, moto unatafuta njia fupi na kutoboa plastiki kwenda kwenye shafti. Gari linazima ghafla, na ukiitazama rota huoni kitu. Tafuta isiyo na ribiti. Nyingi ni nyekundu.

Kazi yenyewe

1. Chomoa nguzo ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Kisha piga picha ya distribyuta, koili na kila waya kabla hujagusa kitu. Simu yako ina kumbukumbu nzuri kuliko wewe.

2. Toa plagi zote ili injini izunguke kirahisi, kisha izungushe kwa hendeli ya mbele. Raha mojawapo ya Land Rover hizi ni kwamba hendeli bado inaingia. Tunatafuta silinda namba moja, ile ya upande wa rejeta, ikiwa juu kabisa kwenye mpigo wa mgandamizo. Ziba tundu la plagi namba moja kwa kidole gumba. Upepo ukianza kusukuma kidole, uko kwenye mpigo sahihi. Endelea polepole mpaka alama ya kwenye puli ya krenki ikutane na mshale uliopo kwenye kifuniko cha cheni. Injini za zamani zaidi alama zake ziko kwenye flaiwili, unazitazama kupitia kidirisha kidogo. Safisha alama hiyo na uipake rangi nyeupe sasa hivi, maana baadaye utaitafuta gizani ukiwa na hasira.

3. Toa kifuniko cha distribyuta na utazame rota imeelekea wapi. Chora alama kwenye ukingo wa distribyuta mkabala na ncha ya rota. Chora na nyingine inayoanzia kwenye mwili wa distribyuta na kushuka hadi kwenye bloku ya injini. Alama hii ya pili ikwaruze kwa msumari, isifutike, na pembeni yake andika P. Usiipuuze hii. Itakuja kukuokoa, nitaeleza mwishoni.

4. Toa rota, pointi na kondensa (kile kikopo kidogo cha chuma kilichounganishwa na pointi). Vile viskrubu ni vidogo na vinapenda kudumbukia chini ya bamba, ambako vitakwenda kukwama kwenye vyuma vya sentrifugo, vile vinavyowahisha moto injini ikiongeza mwendo. Paka grisi kidogo kwenye ncha ya bisibisi ili skrubu inate. Kikidumbukia, usizungushe injini mpaka umekitoa. Pointi na kondensa usivitupe, hata kama vimechoka, ingawa ni afadhali ununue vipya vya akiba.

Ukiwa umefungua hivyo, utaona kawaya kafupi laini kanakounganisha bamba la pointi na mwili wa distribyuta. Hako ndiko ethi ya bamba. Kakiwa kamekatika nyuzi na kamebaki na mbili tatu, badilisha. Nimewahi kuona gari lililobadilishiwa koili mbili na moduli moja kumbe ugonjwa ulikuwa uzi huo wa shilingi chache.

5. Angalia vitu viwili vinavyowahisha moto. Kwanza, weka rota, izungushe kwa vidole kuelekea upande inakozungukia, kisha uiachie. Inapaswa kurudi yenyewe kwa springi. Ikibaki ilipo, vyuma vya ndani vimekauka: dondosha tone moja la oili, chezesha tena. Pili, chomoa bomba jembamba la vakyumu upande wa kabureta na unyonye kwa mdomo. Bamba linapaswa kusogea, na ukiziba bomba kwa ulimi libaki hapo. Lisiposogea, kiwambo cha vakyumu kimetoboka. Gari litatembea, lakini litakunywa petroli zaidi.

6. Safisha bamba mpaka chuma kionekane pale moduli itakapokaa, maana moduli nyingi zinachukua ethi yake kupitia hapo. Kisha ifunge moduli mahali palipokuwa na pointi, na lile duara la sumaku lisukume kwenye kamu mpaka likae chini kabisa. Lisipokaa chini, rota itainuka, na ukifunga kifuniko utasikia kitu kikivunjika. Duara nyingi hazina cha kurekebisha, ila hakikisha tu haligusi moduli. Lizungushe mzunguko mzima kwa mkono ukitazama. Kama karatasi ya seti yako imetaja nafasi maalumu, pima kwa fila geji.

Sasa waya za moduli. Zipitishe kwenye tundu la ubavuni pamoja na mpira wake, halafu unyonye tena lile bomba la vakyumu. Bamba likisogea, je, waya zinavutika? Zikivutika, ongeza ulegevu ndani. Hapa ndipo mafundi wenye haraka wanapoharibu. Wanavuta waya zikae nadhifu, bamba linasogea mara elfu moja kwa siku, na baada ya miezi mitatu waya unakatikia ndani ya ganda lake ambako huoni. Pia zisilale karibu na kamu.

7. Unganisha kwenye koili. Kwenye seti nyingi za ethi ya hasi, nyekundu inakwenda chanya na nyeusi inakwenda hasi. Lakini soma karatasi ya seti yako. Koili za zamani hazina alama za kujumlisha na kutoa, zina herufi SW na CB. SW ni upande wa swichi, CB ni upande wa pointi. Kwa gari la ethi ya hasi, SW ndiyo chanya na CB ndiyo hasi. Kwenye waya za asili za gari, mweupe ndio unaoleta moto kutoka kwenye swichi, na mweupe wenye mstari mweusi ndio uliokuwa ukienda kwenye pointi. Huo wa pili sasa hauna kazi: utoe, ufunge, uweke kwenye boksi la akiba.

Ukigeuza nyekundu na nyeusi, moduli inakufa. Haina nafasi ya pili. Kagua mara mbili, kisha mwite mtu mwingine akague.

8. Kabla ya kufunga kifuniko, rudisha betri, washa swichi kwa sekunde chache tu, na pima volti pale nyekundu inaposhika koili. Betri nzima iliyotulia inasoma karibu volti 12.6. Hapo kwenye koili unatakiwa usome karibu sawa na hiyo, pungufu isizidi volti moja. Ukisoma 10, swichi yako imechoka au kuna kiungo kimeoza njiani. Pointi zilivumilia hali hiyo miaka yote, moduli haitavumilia. Zima swichi.

Na hapa nitasema kwa herufi kubwa kichwani mwako: usiache swichi wazi, yaani imewashwa, injini ikiwa imezima. Mimi niliwahi kukaa garini nikisikiliza mechi ya Simba na Yanga, swichi iko wazi, redio inaunguruma. Mechi iliisha na moduli yangu nayo. Koili ilikuwa ya moto kama sufuria ya maharage.

9. Funga rota mpya, kifuniko kipya, na plagi mpya zenye nafasi ya milimita 0.8. Wengine wanaifungua hadi 0.9 baada ya kufunga kielektroniki. Sioni faida yake kwenye injini hii. Kisha waya. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na rota inazunguka kinyume cha saa ukiitazama kwa juu. Anza na tundu lililo mkabala na ile alama uliyochora ya rota: hiyo ni namba moja. Halafu endelea kinyume cha saa: tatu, nne, mbili. Badilisha waya mmoja mmoja, usitoe zote kwa pamoja, labda kama unapenda kujiadhibu.

Kuhusu waya za shaba tupu: ni imara, hazifi, na zinatoa kelele ya umeme inayoivuruga moduli. Kama huna njia nyingine ila hizo, basi tumia plagi zenye herufi R.

10. Washa. Kama ulichora alama zako vizuri, litawaka, ingawa taimingi haitakuwa sawa, kwa sababu kihisi hakifyatui moto pale pale zilipokuwa zikiachana pointi. Hii ndiyo siri ya yule jamaa ambaye gari lake halina nguvu mlimani. Fundi alifunga seti, gari likawaka, akapokea hela akaenda zake. Hakuna aliyegusa taimingi.

Liache lipate joto kwanza.

11. Weka taimingi. Chomoa bomba la vakyumu na uzibe upande wa kabureta. Shusha silensa iwe ndogo, mizunguko 500 hadi 600 kwa dakika, ili vyuma vya sentrifugo visianze kufunguka na kukudanganya. Bana kishikio cha taa kwenye waya wa plagi namba moja na ummulike mshale. Kipimo cha kuanzia ninachokitumia ni nyuzi 6 kabla pistoni haijafika juu. Kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho, kwa sababu kuna injini za mgandamizo wa 7:1 na za 8:1, na vipimo vinategemea pia petroli.

Legeza bolti ya kola ya distribyuta kidogo tu, kiasi cha kuweza kuizungusha kwa nguvu ya mkono. Kwa kuwa rota inazunguka kinyume cha saa, ukizungusha mwili wa distribyuta kufuata saa unauwahisha moto. Ukizungusha kinyume cha saa unauchelewesha. Sogeza kidogo, tazama, sogeza tena. Kwenye 25D malizia kwa kile kigurudumu: A ni kuwahisha, R ni kuchelewesha. Kaza bolti, kisha mulika tena, maana kukaza kwenyewe kunasogeza. Angalia shati na tai yako visinaswe. Feni ya Land Rover haina kifuniko cha maana.

Kama huna taa: legeza kola, zungusha kuelekea kuwahisha mpaka injini ianze kuongeza mwendo, endelea mpaka ianze kutetemeka, kisha rudisha nyuma mpaka itulie, na rudisha kidogo zaidi ya hapo. Kaza. Hapo uko karibu, hujafika.

12. Toka nalo barabarani. Tafuta mlima, weka gia ya tatu kwenye mwendo mdogo, kanyaga mafuta. Ukisikia mlio kama kokoto ndani ya kopo, moto unawahi mno: rudisha kwa nyuzi moja, jaribu tena. Injini isipogonga kabisa lakini ikiwa nzito, wahisha kwa moja. Walio kwenye nyanda za juu watagundua injini inavumilia kuwahishwa zaidi kidogo kuliko ya pwani, kwa sababu hewa ni nyepesi. Wakishuka nalo Tanga likiwa na mzigo, wategee sikio.

Ukiridhika, kwaruza alama ya pili kutoka kwenye mwili wa distribyuta hadi kwenye bloku. Andika E.

Likikataa

Stata inazunguka, haliwaki kabisa. Usianze kwa kulaumu moduli. Pima volti kwenye nguzo ya chanya ya koili swichi ikiwa wazi. Hakuna kitu? Tatizo ni swichi au waya mweupe. Kuna volti 12? Chomoa waya mweusi wa moduli kutoka kwenye koili. Chomoa waya mnene wa koili kutoka kwenye kifuniko na uushike kwa koleo lenye mpira mzito, ncha yake ikiwa milimita tano kutoka kwenye bloku, mbali kabisa na kabureta. Chukua kipande cha waya, gusa nguzo ya hasi ya koili kwenye ethi kwa nukta moja, kisha achia. Ukiachia, moto unapaswa kuruka. Ukiruka, koili ni nzima na moduli ndiyo mgonjwa, au ethi ya bamba. Usiporuka, koili imekufa.

Linawaka vizuri, linazima likipata joto, linawaka tena likipoa. Gusa koili kwa uangalifu. Ikiwa haishikiki, rudi kwenye kipimo cha omu. Ikiwa ni vuguvugu tu, shuku moduli au waya uliokatika ndani ya ganda. Likiwa linaunguruma, zitikise waya za moduli kwa kipande cha mti mkavu; likistuka, umempata mchawi.

Linamisi (linakosa moto mara kwa mara) wakati wa mvua au asubuhi yenye umande. Subiri giza liingie, fungua boneti, washa injini, nyunyizia maji kidogo kwa chupa kuzunguka waya na kifuniko. Simama mbali na utazame. Utaona vimulimuli vya buluu vikirukaruka kwenye waya iliyopasuka. Ni pazuri kwa kweli, mpaka ukumbuke bei ya waya.

Linapiga risasi kwenye kabureta au silensa ya moshi na linatetemeka kama lina malaria. Waya mbili zimebadilishana. Mara nyingi ni 3 na 2.

Alama ya puli chini ya taa inarukaruka badala ya kusimama. Shafti ya distribyuta. Nilikuambia uipime.

Redio inakoroma kufuata mwendo wa injini. Waya za shaba. Hilo nalo nilisema.

Moduli imekufa kweli, na uko kilomita 60 kutoka kwenye lami. Hapa ndipo boksi la akiba linapoonyesha thamani yake. Langu ni kopo la maziwa ya unga chini ya kiti, na ndani yake mna pointi mpya, kondensa mpya, skrubu tatu, ule waya mweupe wenye mstari mweusi, na fila geji. Toa moduli na duara la sumaku, funga pointi na kondensa, unganisha waya kutoka kwenye pointi hadi nguzo ya hasi ya koili. Zungusha injini kwa hendeli mpaka kisigino kipande kwenye kilele cha kamu, weka nafasi kati ya milimita 0.35 na 0.40. Fila geji ikipotea, kadi ngumu ya biashara inakaribia hapo na itakufikisha nyumbani. Kisha legeza kola, zungusha distribyuta kutoka kwenye alama ya E mpaka kwenye alama ya P, kaza, washa. Dakika ishirini kama hakuna upepo wa vumbi. Ukiwa umeshafika mjini na umenunua moduli nyingine, irudishe distribyuta kwenye E.